Spana Mkononi, Abiria Nyuma

Katika Kiswahili cha barabarani, "spana mkononi" si sifa. Ni gari ambalo halimalizi wiki bila kufunguliwa, na dereva wake huikumbuka barabara kwa mahali lilipomwachia: hapa lilichemsha, pale lilikata mkanda wa feni, kwenye daraja lile tulilala. Land Rover ya mjomba wangu ni ya namna hiyo. Ni Series III, ile ndefu inayoitwa 109, na kwa zaidi ya miaka ishirini imepanda na kushuka kati ya Nyandira na Morogoro mjini ikibeba kabichi, karoti, njegere, wagonjwa, maharusi na majeneza. Magoti ya mjomba yalipokataa kukanyaga klachi, akanipa mimi. Kwetu Waluguru ukoo huhesabiwa upande wa mama, na shamba hupitia huko. Mila haisemi lolote kuhusu magari, ila mjomba hakuona haja ya kutafuta kanuni nyingine. "Wewe ni mtoto wa dada yangu," aliniambia, "tena unafundisha fizikia. Utaliweza."

Nilianza kulitengeneza mwenyewe, na nilianza kwa kusoma. Vitabu vitatu vilinilea katika kazi hiyo, na hapa nataka kuvihakiki. Wahakiki wengine wamevipima kwa falsafa yao au kwa lugha yao. Mimi nitavipima kwa mteremko mmoja, kwa sababu kwenye mteremko huo ndipo nilipogundua kitu ambacho vyote vitatu vilikuwa vimekisema kwa sauti ndogo mno, na mimi sikukisikia.

Cha kwanza si cha fasihi hata kidogo. Ni mwongozo wa Haynes wa Land Rover Series II, IIA na III. Nakala yangu ni fotokopi iliyofungwa kwa waya, na kurasa za giaboksi zina alama za vidole vya watu waliosoma kabla yangu. Mwongozo huu una mtindo wake, na mtindo huo una mvuto kuliko watu wanavyodhani. Kila sentensi ni amri. Fungua, toa, kagua, safisha, rudisha. Haielezi hali ya hewa. Haisimulii. Baada ya kukuongoza hatua ishirini za kufungua kitu, mara nyingi inakuambia tu kwamba kukirudisha ni kufuata hatua zilezile kinyumenyume, na inakuacha hapo na sinia lililojaa nati. Matoleo mengi ya Haynes hupanga ugumu wa kazi kwa michoro ya spana: spana moja ni kazi ya mtu asiyejua kitu, spana tano ni kazi ya bingwa. Ni sarufi inayokufanya ujione mtu mzima. Inakuchukulia kwamba unaweza.

Pia inakuchukulia kwamba una karakana. Msomaji anayekusudiwa na kitabu hiki ana sakafu ya saruji, taa, benchi lenye jiliwa, na duka la vipuri linalouza kilekile alichokiandika kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nalala juu ya katoni iliyofunuliwa, uani kwetu Kihonda, siafu wakipita karibu na sikio. Hilo halikunisumbua. Nilichukulia tofauti hiyo kama utani kati yangu na kitabu.

Nilibadilisha mafuta ya difu. Nilibadilisha raba za shokapu na vipande viwili vya sipringi vilivyokatika. Nilifunga mkonga, ule mrija wa kuvutia hewa unaopanda ubavuni mwa kioo hadi juu ya paa, ingawa mto pekee ninaouvuka una daraja. Nilifunga kwa sababu Land Cruiser zenye mkonga huheshimiwa barabarani, na nilitaka Land Rover ya mjomba iheshimiwe pia. Kila nilipomaliza kazi nilinawa mikono kwa sabuni ya unga na petroli, nikaingia ndani kusoma kitabu cha pili.

Hicho ni *Zen and the Art of Motorcycle Maintenance* cha Robert Pirsig, kilichotoka mwaka 1974 baada ya kukataliwa na wachapishaji 121. Msimulizi anasafiri kwa pikipiki kutoka Minnesota hadi California, nyuma yake amekaa mwanawe wa kiume, Chris. Njiani anafikiri kuhusu ubora, kuhusu akili inayopenda umbo la nje la vitu na akili inayotaka kujua kilicho ndani. Wasomaji wengi hukumbuka kisa cha kopo la bia. Rafiki wa msimulizi ana BMW ya bei kubwa ambayo usukani wake unateleza, na msimulizi anapendekeza wakate kipande cha kopo la bia wakitie hapo kama wosha nyembamba. Rafiki anachukia. Haiwezekani BMW itengenezwe kwa kopo. Msimulizi anashangaa, kwa sababu aluminiamu ya kopo ni laini, nyembamba na haishiki kutu, na kwa kazi hiyo ingefaa kabisa.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana mchana ule nilikuwa nimefanya kitu kilekile kwa kopo la soda kwenye kishikio cha kioo cha pembeni. Nilijiona nimo kitabuni. Nilijiona niko upande wa wenye akili.

Cha tatu ni *Shop Class as Soulcraft* cha Matthew Crawford, cha mwaka 2009. Crawford alipata shahada ya uzamivu katika falsafa ya siasa kutoka Chuo Kikuu cha Chicago, akafanya kazi katika taasisi ya utafiti mjini Washington, akaiacha baada ya miezi michache, na akafungua karakana ya pikipiki huko Richmond, Virginia. Hoja yake ni kwamba kazi ya mikono inadai akili kuliko kazi nyingi za ofisini, kwa sababu pikipiki haidanganyiki. Imewaka au haikuwaka. Kwa kijana wa Kitanzania aliyesoma hadi chuo na kuambiwa tangu utoto kwamba ufundi ni wa waliofeli, kitabu hiki ni dawa. Nilikisoma kwa mistari ya kalamu pembeni. Niliwasomea wanafunzi wangu baadhi ya hoja zake, nikiwaambia kwamba chuo cha VETA kilichopo Kihonda si jalala la waliokosa kidato cha tano.

Bado naamini hivyo. Lakini nilikuwa nimechukua kutoka vitabu hivi jambo moja zaidi: kwamba uzuri wa kazi hii uko kati ya watu wawili tu, mimi na mashine. Kwamba mtu anayetengeneza peke yake ni mtu huru.

Sasa breki.

Breki za gari hili ni za mafuta, na za njia moja. Ukikanyaga pedeli, masta silinda husukuma mafuta kwenye mabomba membamba hadi kwenye silinda ndogo zilizo ndani ya magurudumu, nazo hutanua viatu vya breki hadi vikamate dramu. Fizikia yake naifundisha kidato cha kwanza: kimiminika hakigandamiziki, hewa hugandamizika. Upepo ukiingia kwenye mabomba, mguu wako unagandamiza upepo badala ya kusukuma breki. Kwa hiyo kila ukifungua mfumo lazima utoe upepo. Kazi hiyo kwa kawaida ni ya watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani, anakanyaga pedeli na kuishikilia. Mwingine yuko chini, anafungua nipeli ya gurudumu, mafuta yenye mapovu yanatoka, anafunga, anapiga kelele "achia!"

Ipo pia njia ya mtu mmoja. Unachomeka mpira mwembamba kwenye nipeli, ncha ya pili unaizamisha kwenye chupa yenye mafuta ya breki ili upepo usirudi, kisha unakwenda kukanyaga mwenyewe. Nilipobadilisha raba za masta silinda nilichagua njia hii. Jirani yangu alikuwapo. Alisimama kwenye fensi akauliza kama nahitaji msaada. Nikamwambia nitaweza.

Chupa niliyotumia ilikuwa ya maji ya kunywa ambayo wiki moja kabla niliibebea mafuta mekundu ya pawa stelingi, ya gari la mtu mwingine. Niliisuuza, nikaipangusa kwa kitambaa. Mafuta ya breki yaliyojaa kwenye chupa niliyarudisha kwenye kikopo cha juu, kwa kuwa jioni ilikuwa imeingia na dukani nisingewakuta. Na gurudumu la nyuma kushoto nililiruka. Nipeli yake ilikuwa imeshikwa na kutu, niliogopa kuikata, na pedeli ilikuwa tayari ngumu chini ya mguu wangu.

Mwongozo unakataza kurudisha mafuta yaliyokwisha kupita. Unakataza kuyachanganya na mafuta mengine. Nilikuwa nimeyasoma yote. Kosa ni langu, na mhakiki hawezi kukibebesha kitabu dhambi ya msomaji asiyetii.

Siku nne baadaye nilipanda Nyandira. Kutoka Mzumbe unapita Mlali, halafu barabara inaanza kuukwea mlima kuelekea Langali. Kurudi tulikuwa watu kumi na mmoja, mimi nikiwa dereva, na magunia ya kabichi hadi juu. Chini kidogo ya Nyandira nilisikia harufu ya kitu kinachoungua. Nikafikiri ni klachi. Kwenye kona ya pili pedeli ilikuwa laini. Nikaipampu, ikapanda. Kwenye kona ya tatu ilishuka hadi sakafuni na haikurudi.

Nilikuwa gia ya pili. Nikaingiza ya kwanza, injini ikalia, gari likapunguza ila halikusimama. Nikavuta handibreki. Handibreki ya Series haishiki magurudumu. Inashika dramu moja iliyo nyuma ya giaboksi, na imewekwa kwa ajili ya kuegesha. Gari likatetemeka lote. Utingo wetu, kijana wa miaka kumi na tisa, hakungoja nimwambie. Aliruka kutoka nyuma na kabari yake, lile gogo lililochongwa ambalo kila gari la mlimani hubeba, akalitupa mbele ya tairi. Gari likalipanda na kulivuka. Akakimbia, akaliokota, akalitupa tena. Safari hii lilishika kidogo, na kidogo hicho kilinitosha kukata usukani na kuligonga gari kwenye ukingo wa mlima. Upande wa pili hakukuwa na ukingo.

Mama mmoja alivunjika mkono wa kulia. Wengine walipata michubuko. Mkono wa kulia wa mkulima ni mkono wa jembe. Alifungwa plasta, na palizi ya msimu ule ilifanywa na binti zake.

Gari lilivutwa hadi Morogoro, kwenye gereji ya mzee mmoja aliyemfahamu mjomba tangu ujana wao. Mzee alifungua masta silinda mbele yangu, akatoa raba nilizozifunga mimi siku chache nyuma. Zilikuwa zimevimba na kulainika kama tambi zilizolala kwenye maji. Mafuta ya pawa stelingi hufanya hivyo kwa raba za breki. Raba ikivimba, inaziba tundu ambalo mafuta hurudia. Breki hazijiachii, viatu vinaendelea kusugua dramu, joto linapanda, mafuta yanachemka ndani ya mabomba, na mafuta yaliyochemka ni mvuke. Mvuke hugandamizika. Kidato cha kwanza.

Nilitegemea aniulize nilitia nini. Aliitazama raba, akaniangalia, akauliza: "Mwalimu, nani alikuwa ndani?"

Nikamtajia mmoja mmoja. Alisikiliza hadi mwisho, akiitikia kwa kichwa kila jina, kama mtu anayepokea mahesabu. Ndipo akasema, "Haya. Sasa nieleze ulivyofanya."

Niliporudi nyumbani nilivifungua tena vile vitabu nikiwa na swali lake. Nani yuko ndani?

Ndani ya mwongozo wa Haynes kuna mtu mmoja tu zaidi ya msomaji. Anaitwa msaidizi. Anatokea pale kazi inapohitaji mikono minne, anakanyaga pedeli anapoambiwa, kisha anatoweka. Abiria hayumo. Gari linafunguliwa na kufungwa kurasa mia kadhaa bila kwenda popote. Kinachoshangaza ni kwamba miongozo hii yenyewe ilizaliwa kwa urafiki. John Haynes alikuwa mwanajeshi wa anga wa Uingereza mjini Aden katika miaka ya 1960, na mwenzake aliyenunua Austin-Healey Sprite alimwomba amsaidie kulifufua. Haynes akapiga picha za kila hatua, na mwaka 1966 mwongozo wa kwanza ukatoka. Rafiki yule ndiye chanzo cha kitabu, na ndiye aliyeondolewa kitabuni. Onyo la kutochafua mafuta ya breki na onyo kwamba mafuta hayohayo yanababua rangi ya bodi ni maonyo ya mwongozo mmoja, yaliyoandikwa kwa sarufi moja ya amri. Msomaji anayejua kwa nini mambo haya mawili hayalingani ni yule ambaye tayari ana mtu akilini.

Kwa Crawford kuna mtu: mteja. Sehemu bora ya kitabu chake ni ile anayokiri kwamba, akitengeneza Honda ya zamani ya mteja, alivutwa na sili moja ya oili hadi akasahau kwamba saa anazochimba zinalipwa na mtu mwingine. Anagundua kwamba fundi ana deni kwa mashine na deni kwa mwenye mashine, na madeni hayo hugombana. Ni ukurasa wa kweli kabisa. Nilipousoma mara ya kwanza niliupigia mstari. Lakini mwenye pikipiki anajua amempa nani kazi, na anaweza kukataa bili. Mama wa Nyandira hakunipa kazi yoyote. Alipanda gari la jirani. Deni langu kwake halina risiti, na Crawford, ambaye pikipiki zake hubeba mtu mmoja au wawili waliojichagulia hatari, hana sura juu ya deni la namna hiyo.

Pirsig ndiye aliyenishangaza. Nilikuwa nimekisoma kitabu chake kama kitabu cha mtu na pikipiki, na watu wengi hukisema hivyo. Lakini abiria yupo tangu ukurasa wa kwanza. Chris amekaa nyuma safari nzima. Analalamika tumbo, analia, anakasirika, na baba yake, ambaye anasikia mabadiliko madogo kabisa ya mlio wa injini, hasikii mtoto anamwambia nini. Karibu na mwisho, wakiwa wamevua helmeti, Chris anasimama kwenye vikanyagio na kwa mara ya kwanza anaona barabara iliyo mbele. Safari yote alikuwa akiona mgongo wa baba yake.

Nilisoma sehemu hiyo nikiwa nimekaa uani, na nikaelewa kwamba nilikuwa nimekisoma kitabu kama yule baba anavyoendesha. Kopo la bia nililikumbuka, mtoto nilimsahau. Sidhani ni kosa langu peke yangu. Pirsig anatumia mamia ya kurasa kutuonyesha kwamba uangalifu kwa mashine ni namna ya upendo, na kurasa chache za mwisho kukiri kwamba mtu anaweza kuwa na uangalifu huo wote na bado asijue nani amekaa nyuma. Ukiri huo ndio ukubwa wa kitabu. Kuchelewa kwake ndiko udhaifu wake, maana wasomaji wengi hushuka kabla ya kituo hicho.

Ingekuwa rahisi kumalizia hapa kwa kusema vitabu vya wageni havifai milimani, kwamba sisi tuna jamii na wao wana upweke. Milima ya Uluguru ina historia inayokataza jibu hilo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Upande wa Matombo watu waliyakataa, na mwaka 1955 ghasia zilitokea na mtu aliuawa. Upande wa Mgeta, hata hivyo, ngazi zilifaa, na kabichi ninazobeba hupandwa juu yake hadi leo. Maelekezo yaleyale yalikuwa mazuri kwenye mteremko mmoja na mabaya kwenye mwingine. Ubaya wake haukutokana na kuandikwa na mgeni. Ulitokana na kwamba aliyeyaandika hakuwa mtu wa kulima hapo, wala hakumuuliza anayelima.

Na upande wetu si safi. Mwanahistoria Joshua Grace, katika *African Motors*, kilichochapishwa na Duke University Press mwaka 2021, anaandika historia ya magari Tanzania akiwafuata mafundi na madereva, na anazichukulia gereji za mitaani kama mahali pa maarifa na ubunifu. Nakipenda kitabu hiki kwa sababu kinamrudishia heshima mtu kama yule mzee, ambaye hana cheti lakini amefundisha vijana wasiohesabika kwa kuwapa spana na kuwaacha watazame. Lakini sifa ya ubunifu inahitaji swali lilelile. Mzee alipofika gurudumu la nyuma kushoto, lile nililoliruka, alifungua bomba lake na kutoa gololi ndogo ya chuma. Mtu aliwahi kuitia humo kuziba bomba, ili silinda iliyokuwa inavuja isimwage mafuta yote. Ni ufundi wa akili sana. Breki tatu zinabaki hai kwa kuiua ya nne. Huko porini, usiku, ungeweza kumshukuru aliyefanya hivyo.

Nilimpelekea mjomba ile gololi. Aliigeuza kiganjani. "Hii nilitia mimi," akasema. "Siku ya mvua, kule Langali. Nilisema nitanunua silinda mwezi ujao." Nikamuuliza ni mwaka gani. Akahesabu, akaacha kuhesabu. "Tulikuwa tunafika," akasema, kisha akanyamaza kwa muda mrefu, na mimi sikumsaidia.

Kwa hiyo ndani ya gari lile kulikuwa na kopo langu la soda na gololi ya mjomba, matengenezo mawili ya werevu. Kipande cha kopo kinashika kioo. Kikianguka, kioo kinalegea. Gololi ilishika maisha ya watu kwa miaka, bila wao kujua. Kwa Pirsig matengenezo haya mawili yangekuwa ndugu, maana yote ni akili inayoona kazi ya kitu badala ya jina lake. Kwa swali la mzee, hayana udugu hata kidogo.

Nilikwenda kumwona yule mama, na unga, sukari na nauli ya kliniki. Alinikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili. Tulizungumza habari za shule, za bei ya karoti. Nilipoaga aliniuliza kama gari limepona. Nikamwambia bado. "Basi litengeneze, mwanangu," akasema. "Kabichi hazisubiri. Ila safari hii litengeneze."

Neno lake nimelifikiria sana. Kwa Kiswahili tunatengeneza kiti kutoka ubao, na tunatengeneza kiti kilichovunjika. Kitenzi ni kimoja kwa kuunda na kwa kurekebisha. Mtu anaweza pia kutengeneza mambo na jirani yake yakatengemaa. Vitabu vyangu vitatu vimeandikwa kwa lugha inayogawa kazi hizi kwa vitenzi mbalimbali, na labda ndiyo sababu vinahitaji falsafa ndefu kuziunganisha. Sisi tumeshapewa muunganiko huo bure, na bado mimi nilitengeneza breki bila kutengeneza lolote. Lugha pekee haimfanyi mtu kuwa mwangalifu.

Bado nalala chini ya gari. Sitaki kumpa fundi kila kitu, kwa sababu mfuko hauruhusu, na kwa sababu Crawford yuko sahihi: kujua gari lako kwa mikono ni namna ya kuacha kuwa mjinga. Fotokopi ya Haynes ipo, sasa ina alama zangu pia. Mkonga nimeuacha, ingawa unaniaibisha kidogo. Silinda nne ni mpya, masta ni mpya, mabomba yamesafishwa, na chupa za mafuta ya breki zina rafu yake.

Jumamosi iliyopita tulitoa upepo. Nilimwomba yule utingo aje. Alikaa kwenye usukani, mlango ukiwa wazi, mguu kwenye pedeli, na kabari yake sakafuni pembeni kwa mazoea. Mimi nilikuwa chini. Tulianza nyuma kushoto. "Kanyaga," nikasema. "Nimekanyaga." "Shikilia." Nikafungua nipeli, mapovu yakatoka. Nikafunga. "Achia." Tulizunguka magurudumu yote manne, kisha tukarudia, hadi mafuta yakawa yanatoka safi, bila povu hata moja.

Nilipotoka chini nilimweleza nilichobadilisha, gurudumu kwa gurudumu. Alisikiliza. Kisha akashuka, akanyoosha mkono akachukua spana kwangu, na akaanza kukagua nati moja baada ya nyingine, yeye mwenyewe.